Herufi Fupi na Herufi Ndefu

Mama huweka karibu na meko chungu akitumiacho kila siku, na chungu kikubwa cha arusi hukiweka mbali. Akifanya kinyume, atapoteza siku yake kwa kwenda na kurudi. Watu wa simu nao waliifuata akili hiyo.

Zamani huko Marekani, Samuel Morse na msaidizi wake Alfred Vail walitaka kupeleka maneno kwa waya, kwa nukta na vistari. Ili ijulikane ni herufi zipi zitumiwazo sana, zilihesabiwa herufi za risasi za wapiga chapa. E zilikuwa 12,000, na Z 200 tu. Basi E ikapewa nukta moja, na herufi za nadra zikapewa alama nyingi.

Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alileta njia ya kuandikiana kwa simu ya upepo, yaani redio, iitwayo PSK31. Mtu huandika kwa kompyuta, nayo hugeuza kila herufi kuwa tarakimu 1 na 0. Njia yenyewe ni nyembamba, kama kijia cha porini wapitamo wachukuzi mmoja mmoja: kwa sekunde moja hupita tarakimu 31 na robo tu. Kwa hiyo Martinez naye alipima maandishi ya Kiingereza, kisha akagawa hivi:

e 11
t 101
o 111
a 1011
n 1111
u 110111
k 10111111
z 111010101

Lakini ikiwa herufi hazilingani urefu, mpokeaji atajuaje mwisho wa kila moja? Tazameni vema. Kila herufi huanza kwa 1 na kuisha kwa 1, wala ndani yake hamna sifuri mbili zilizofuatana. Basi baada ya kila herufi hutiwa 00, ndiyo alama ya mwisho. Neno *taa* hupelekwa hivi: 10100101100101100.

Sasa pimeni maneno mawili ya Kiswahili, kila moja lina herufi nne. *Neno* huchukua tarakimu 21 pamoja na sifuri za mwisho, lakini *kuku* huchukua 36. Kwa nini? Kwa sababu k si nyingi katika Kiingereza, bali kwetu yaonekana karibu katika kila sentensi. Martinez hakukosea, alipima lugha yake. Lakini atakaye kutengeneza alama za kufaa Kiswahili hana budi kwanza kukaa na kuhesabu herufi za Kiswahili. Asipohesabu, sisi tutakuwa tukienda mbali kila siku kuchukua chungu cha ugali.

MASWALI

1. Kwa nini E ilipewa nukta moja tu?
2. Someni neno hili: 1010010110011110011100.
3. Hesabuni herufi za fungu la kwanza la somo hili. Ni ipi iliyozidi zote? Ninyi mngeipa tarakimu ngapi?