FREMU YA KIJIKO CHA KUCHIMBIA KATIKA TREKTA NDOGO

Chama cha msingi chenye trekta ndogo, yaani ya nguvu za farasi kati ya 20 na 50, hakikosi mwanachama wa kupendekeza kwamba kinunuliwe pia kijiko cha kuchimbia kinachofungwa nyuma yake. Pendekezo hilo si baya. Mitaro ya bomba la maji, msingi wa ghala na mashimo ya maganda ya kahawa ni kazi za sululu na beleshi zinazochosha watu na kula fedha za vibarua. Tatizo huanza pale hati za bei zinapowekwa mbele ya kamati. Hati iliyo rahisi kuliko nyingine mara nyingi haina mstari mmoja, nao ni mstari wa fremu.

Ili kuelewa uzito wa upungufu huo, yafaa kwanza kujua jinsi trekta ilivyojengwa. Lori lina chasisi ya vyuma virefu inayobeba kila kitu. Trekta nyingi ndogo hazina chasisi kamili. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na nyumba ya ekseli hufungwa pamoja kwa bolti, na vyuma hivyo ndivyo uti wa mgongo wa trekta. Ujenzi huo ulienea kwa trekta ya Fordson ya Henry Ford, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917, na kwa kulima hauna kasoro. Lakini nyumba hizo huwa za chuma cha kusubu. Chuma hicho hustahimili kugandamizwa kuliko kupindwa, kikizidiwa hupasuka.

Na kijiko hupinda. Ichukuliwe kwamba ndoo imekwama chini ya jiwe, mita 3 nyuma ya ekseli, na inasukumana nalo kwa nguvu ya kilo 1,000. Ikiwa kijiko kimefungwa nyuma ya ekseli tu, kwa bolti zilizoachana sentimita 30, basi bolti hizo hupambana na nguvu ya mara kumi, yaani kilo 10,000. Fremu ikipita chini ya trekta na kushika sehemu mbili zilizoachana mita moja na nusu, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 2,000. Miguu ya kijiko inayokanyaga ardhi hupunguza mzigo katika hali zote mbili, lakini haiuondoi. Fremu yenyewe ni mihimili miwili ya chuma, kushoto na kulia, kutoka ekseli ya nyuma hadi karibu na injini, na mara nyingi hushikana na vishikizo vya ndoo ya mbele. Kijiko hukaa juu ya kulabu zake na kufungwa kwa pini.

Wapo wauzaji wanaosema kwamba mikono mitatu ya nyuma ya trekta yatosha. Mikono hiyo, iliyobuniwa na Harry Ferguson wa Ireland, ilikusudiwa plau. Plau huvutwa upande mmoja, na mzigo wake hukandamiza matairi ardhini. Kijiko husukuma juu, chini na pembeni. Tena, katika trekta nyingi mikono ya chini huinua tu, haina nguvu ya kuzuia kitu kisipande. Mwendeshaji akikandamiza ndoo ardhini, kijiko kizima chaweza kuinuka pamoja na kiti alichokalia, kikambana kwenye trekta. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Baadhi ya watengenezaji wa trekta hukataza kabisa ufungaji huo katika vitabu vyao, na katibu anapaswa kukisoma kitabu kabla ya kutia saini, si baada.

Fremu hutengenezwa kwa aina maalumu ya trekta na aina maalumu ya kijiko. Kwa hiyo hati ya bei iandikwe aina zote mbili pamoja na namba ya fremu. Kuchomelea vyuma kwenye nyumba ya ekseli, au kuitoboa, kusikubaliwe hata fundi awe hodari namna gani: moto huunguza sili na kuacha nyufa. Pini iliyokatwa katika nondo nayo ni ya kukataliwa. Nondo ni ya zege.

Bolti zibadilishwe kwa zenye alama ileile kichwani. Mahali pa 10.9 hapafai 8.8. Bolti mpya hulegea kadiri vyuma vinavyokaa, hivyo zikazwe tena baada ya saa 10 za kwanza za kazi, au kama kitabu kinavyoagiza, na tarehe iandikwe katika daftari la mashine. Rangi iliyopasuka au mstari wa kutu penye kiungo ni dalili ya ufa. Hapo kazi isimame, hata kama mkodishaji amekwisha lipa.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi:

1. Kamati imepokea hati tatu za bei, na moja tu inataja fremu. Hati hizo zilinganishwe namna gani?

2. Ikiwa ndoo imekwama mita 2 nyuma ya ekseli kwa nguvu ya kilo 900, na bolti zimeachana sentimita 40, bolti zinapambana na nguvu ya kilo ngapi?

3. Katika chama chenu, ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine? Je, imeandikwa?