Gesi ya Mzazi Isiwe ya Mkunga

Katika wodi za wazazi za Uingereza, mama mwenye uchungu hupewa mchanganyiko wa nusu oksijeni, nusu naitrasi oksaidi, ile gesi ya kucheka. Inapunguza maumivu upesi na kuisha mwilini upesi. Ila mwili hauitumii: mama huitoa karibu yote jinsi alivyoivuta, na wa kwanza kuipokea ni mkunga aliyeinama mbele yake. Mwaka 2022 na 2023 hospitali kadhaa huko zilisitisha kuitoa kwa sababu gesi katika hewa ya vyumba ilizidi kiwango. Kwa wakunga wetu mlioko huko, na mnaofunga mizigo kwenda:

1. Mama apumulie mlemle kwenye kifaa. Hili ndilo kubwa. Akivuta gesi kisha akageuza uso kutoa pumzi pembeni, mtambo wa kuinyonya hauna cha kunyonya. Mfundishe mapema; uchungu ukishakaza, hakuna anayesikiliza somo. Hata maumivu yakitulia, asikitoe kifaa mdomoni papo hapo. Pumzi chache za mwisho nazo zina gesi.

2. Dirisha halitoshi. Linakupunguzia gesi wewe, basi; yenyewe inaenda nje. Angani gesi hiyo hudumu zaidi ya miaka 100, na kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dioksaidi. Sweden wana mitambo inayoivunja kuwa naitrojeni na oksijeni. Newcastle, Uingereza, nao wakaanza kuitumia mwaka 2021. Ni mitambo mizuri, lakini bila kidokezo cha 1 inabaki pambo.

3. Mpira wa gesi ukivuja, ripoti leo. Gesi haina rangi na harufu yake ni hafifu, kwa hiyo usiitegemee pua.

4. Dai kupimwa. Kiwango cha Uingereza ni sehemu 100 kwa milioni, wastani wa saa 8. Utavalishwa kipimo kidogo karibu na uso zamu nzima. Majibu yake yaombe kwa maandishi. Gesi hii ikivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu kazi ya vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya vidole usiisingizie uchovu. Usiyekula nyama, maziwa wala mayai, uwe macho zaidi.

5. Usimnyime mama. Meneja akisema dawa ni kuiondoa gesi, muulize feni ya kutoa hewa chumbani itatengenezwa lini.