Kulea Miche ya Migomba Itokayo Chupani

Katika nchi izungukayo Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina mpaka Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, wako wakulima wengi waliokwisha kupanda migomba isiyotokana na chipukizi lililong'olewa shambani kwa jirani. Migomba hiyo ilianza maisha yake ndani ya chupa, katika chumba cha wataalamu. Baadhi ya wakulima hao wamevuna mikungu mizito na kuongeza mashamba yao. Wengine wamepoteza fedha, nao husema kwamba miche hiyo ni ya udanganyifu. Aghalabu tofauti baina yao haikuwa katika mche wenyewe, bali katika majuma machache tangu mche ulipotolewa chupani mpaka ulipotiwa shimoni. Habari ya majuma hayo ndiyo itakayoelezwa hapa.

Maarifa haya yalikuzwa kwanza kwa maua. Okidi, ambazo baadhi ya aina zake huota zenyewe juu ya matawi ya miti katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, zina mbegu ndogo kama vumbi, wala mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama ilivyo kwa mahindi au maharagwe. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Lewis Knudson, alieleza jinsi alivyoziotesha ndani ya chupa juu ya rojo lenye sukari. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaonyesha ya kuwa okidi yaweza kuzidishwa kwa kukata kipande kidogo sana cha kiini cha chipukizi lake. Maarifa hayo yakatumika pia kwa viazi, migomba na mimea mingine mingi. Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, KARI, ambayo sasa ni KALRO, iliwaletea wakulima wadogo migomba ya namna hii. Ilishirikiana na shirika la ISAAA, ambalo ofisi yake ya Afrika iliongozwa na Dk. Florence Wambugu, mzaliwa wa Nyeri.

Jambo hilo lilikuja wakati wa shida. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na nyumba nyingi katika miteremko hii zikaanza kutazama ndizi na maziwa badala ya kahawa. Lakini chipukizi la kuombwa kwa jirani huja na wageni wake: fukusi wa migomba, minyoo ya mizizi isiyoonekana kwa macho, na ugonjwa wa mnyauko uitwao Panama, ambao umemaliza migomba mingi ya Gros Michel na ya ndizi sukari. Mche wa chupani hauna fukusi wala minyoo, tena aina kama Grand Nain na Williams hustahimili mnyauko huo wa zamani. Hata hivyo kuna aina nyingine ya mnyauko, iliyothibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, ambayo huiua hata migomba hiyo. Kwa hiyo usafi wa kitalu si jambo la anasa.

Yafaa kwanza kufahamu hali ya mche ulio chupani. Chakula chake ni sukari na chumvi zilizochanganywa katika rojo la agari, litokanalo na mwani wa baharini. Mwanga wake ni wa taa. Hewa yake imejaa unyevu siku zote, kwa hiyo majani yake hayajavikwa nta ya kutosha, na vile vitundu vidogo vya kupumulia, ambavyo kwa mmea wa shambani hujifunga jua likiwa kali, havijazoea kazi hiyo. Mizizi yake ni myeupe na laini, haijapata kutafuta maji katika udongo. Mche kama huo ukiwekwa juani saa nne za asubuhi, kabla ya jioni utakuwa umelala, hata ikiwa udongo wake umelowa maji. Maji yatoka majanini upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta.

Siku ya kuufungua mlango huo wa kwanza, kila kitu kiwe tayari kabla chupa hazijaguswa. Miche hutolewa polepole, kisha huoshwa katika maji safi yenye uvuguvugu mpaka rojo lote litoke mizizini. Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Rojo lile lina sukari, na sukari ikibaki mizizini huita ukungu na bakteria kama asali iitavyo siafu. Baada ya siku chache shina huoza chini, na mwenye mche hudhani amenyima maji, akazidi kumwagilia. Majani yaliyokufa yaondolewe, na miche ipangwe kwa ukubwa, mikubwa peke yake na midogo peke yake, ili ile yenye nguvu isiinyime midogo mwanga.

Udongo usichukuliwe kamwe chini ya migomba ya zamani, kwa maana hapo ndipo wanapokaa wale maadui ambao mkulima amelipa fedha kuwakimbia. Mchanga wa mto na udongo wa msituni, ukiwa laini na usiotuamisha maji, wafaa sana, lakini nao hauna budi kupikwa. Pipa hutiwa maji kidogo chini, juu ya maji huwekwa wavu na gunia, kisha udongo uliolowa kidogo hutiwa juu yake, na moto hukokwa mpaka mvuke upenye wote. Wazee wa vitalu huweka kiazi kimoja juu ya udongo: kikiiva, udongo nao umeiva. Huachwa upoe kabisa kabla ya kupanda. Samadi isitiwe katika hatua hii. Mizizi hiyo ingali laini mno.

Miche ikiisha kupandwa, isizamishwe kupita pale ilipoanzia mizizi. Hunyunyiziwa maji kwa matone madogo na kufunikwa kwa nailoni iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa kama upinde. Juu ya nailoni hiyo sharti kuwe na kivuli kizito, cha wavu au cha nyasi, kipunguzacho zaidi ya nusu ya jua. Nailoni bila kivuli, siku ya jua, ni chungu cha kupikia miche. Juma la kwanza kifuniko hufunguliwa kwa kunyunyizia tu. Baada ya siku saba hivi au kumi, ukingo huinuliwa kidogo asubuhi na jioni, na kila baada ya siku chache nafasi huongezwa, mpaka karibu na mwisho wa juma la nne kifuniko kiondolewe kabisa. Majani yaliyotoka chupani yakigeuka manjano na kufa, mkulima asihangaike. La kuangalia ni jani la kwanza lililozaliwa nje, kwani hilo ndilo lenye nta yake, nalo huonyesha ya kuwa mche umeanza kujilisha.

Hapo miche huhamishwa katika vifuko vya kuoteshea, vyenye udongo uliopikwa, mchanga, na samadi iliyooza vizuri. Hukaa humo miezi miwili hivi, kivuli kikipunguzwa kidogo kidogo, mpaka ifike urefu wa futi 1 na kuwa na majani mazuri 5 au 6. Michache hutoka na umbo geni, imedumaa au ina majani yenye mabaka meupe. Hiyo ing'olewe bila huruma. Kumwuzia mtu mche wa namna hiyo ni kumnyang'anya mwaka mzima wa kazi.

Katika Nyeri liko jambo jingine la kupimwa sana, nalo ni baridi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na miezi ya Juni na Julai huwa ya mawingu na ukungu. Joto likishuka chini ya digrii 16 mgomba hukua kwa shida. Mtu atakaye kupanda mvua za Oktoba hulazimika kufungua chupa katika baridi hiyo, na miche yake itakawia. Afadhali zaidi ni kuzifungua mwezi wa Desemba, wakati wa joto, ili miche iwe tayari kwa mvua ndefu za Machi. Watu wa Mukurwe-ini na wa sehemu za chini za Kirinyaga na Embu hawasumbuliwi sana na hesabu hii. Watu wa Kieni, penye baridi na ukame, wangefanya vema kubaki na viazi.

Apendaye kulea okidi kwa ajili ya maua atafuata njia ile ile ya kuosha, kufunika na kuzoeza, ila asitumie udongo. Okidi nyingi hutaka vipande vya magome ya miti na makaa, ambamo hewa hupita. Tena awe na subira, maana okidi huchukua miaka kadhaa mpaka kutoa ua.

Shambani mgomba huwekwa katika shimo la futi 2 kila upande, lenye madebe mawili ya samadi iliyochanganywa na udongo wa juu, na nafasi ya mita 3 kati ya shimo na shimo. Chipukizi la kawaida lina tunguu nene lililojaa chakula, hivyo husamehe uzembe. Mche wa chupani hauna akiba hiyo. Mvua ikikatika sharti umwagiliwe, na shina lake lizungukwe na matandazo. Ukitunzwa, mkungu wa kwanza hupatikana baada ya mwaka mmoja na miezi michache, na katika sehemu za juu zenye baridi hukawia zaidi.

Kwa kuwa wakulima wengi hununua miche iliyokwisha kulelewa na vikundi au wenye vitalu, mnunuzi na aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: udongo ulitoka wapi, ulipikwa, na mche umekaa siku ngapi nje ya kivuli? Kisha aguse jani. Likiwa gumu na la kijani kilichokolea, auchukue. Likiwa laini na jembamba kama karatasi, mche huo bado ni wa kitalu, hata ukiwa mrefu namna gani, nao urudishwe kivulini kwa juma moja au mawili kabla ya kwenda shambani.