Mfarishi wa Viraka: Anza na Nguo Uliyonayo

Chini ya meza ya fundi cherehani yeyote kuna fuko la mabaki: vipande vyembamba vya vitenge, pembe zilizobaki makwapani, viduara vilivyokatwa shingoni. Mafundi wengi huyatoa bure au kwa bei ya soda, kwani yanawajazia nafasi tu. Fuko moja la namna hiyo linatosha kumwanzisha mtu kazi ya kushona mfarishi.

Mfarishi ni nguo ya tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao ndio pambo. Katikati kuna ujazo, unaoleta joto. Chini kuna mgongo. Mishono inayopenya tabaka zote tatu ndiyo inayozifanya ziwe nguo moja, na tofauti kubwa kati ya mtindo na mtindo ni jinsi ya kuupata uso. Wanaoanza wengi huchagua mchoro kwanza, kisha wakahangaika kutafuta kitambaa cha kuufuata. Mimi nashauri kinyume: mwaga mabaki yako sakafuni, uyatazame, ndipo uamue mtindo.

Ikiwa ni viraka vidogo visivyolingana, na cherehani huna, jifunze kawandi. Huu ni mfarishi wa wanawake wa Kisidi wa wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, India. Wasidi ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa, na walioko Karnataka historia yao inahusiana sana na Goa ya Wareno. Leo wamo miongoni mwao Wahindu, Wakristo na Waislamu, na mifarishi yao imeoneshwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Kawandi haina hatua ya kuunganisha uso kwanza. Unatandika nguo kuukuu ya pamba, ambayo kule huwa ni sari na kwako inaweza kuwa shuka. Unaweka kiraka cha kwanza pembeni, unakunja kingo zake kwa ndani kwa kidole, kisha unashona kwa mkono, sindano ikizama na kuibuka, hadi ukaribie mwisho wake. Hapo unachomeka kiraka cha pili, ukingo wake ukilalia kidogo ule wa kwanza, nawe unaendelea bila kukata uzi. Unafuata pande zote nne, unaanza mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka ukutane na katikati. Kila mstari ukae karibu upana wa kidole kutoka mstari uliotangulia, na kila mshono uwe kama punje ya mchele. Mishono hiyo hiyo inabandika viraka, inashika tabaka na inapamba. Mwisho, kwenye kona nne, Wasidi hutia vijiraka vya rangi vilivyokunjwa mara kadhaa, viitwavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio na phula kwao ni kama uko uchi.

Kwa anayeanza sioni mtindo mzuri kuliko huu. Huhitaji rula, pasi wala meza, na kiraka kilichokaa upande hakiharibu kitu. Shona kwanza mfarishi wa mtoto, sentimita 70 kwa 90, kwa uzi mnene wa pamba. Uzi mwembamba wa cherehani hukatika.

Ikiwa fuko limejaa vipande virefu vyembamba, na cherehani ipo, shona ule mtindo ambao Wamarekani huuita kibanda cha magogo. Kata mraba mdogo wa katikati, kisha zungushia vipande kimoja baada ya kingine, kila kipya kikipita juu ya ncha ya kilichotangulia. Pande mbili zinazopakana ziwe za rangi nyeupe au nyepesi, mbili zilizobaki za rangi nzito. Mishono iwe milimita 6 kutoka ukingoni, daima, hata ukiwa na haraka. Kipande cha sentimita 5 kikishonwa pande zote mbili hubaki na sentimita 3.8, na ukibadilisha kipimo katikati ya kazi, miraba yako haitakutana. Piga pasi kila baada ya mshono.

Nguo za kazi zilizochakaa, yaani suruali za jinzi na maovaroli, zina mabingwa wake huko Gee's Bend, Alabama, kijiji cha Wamarekani Weusi kilichozungukwa na kona ya mto. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo za kazi alizoziacha marehemu, ili ajifunike kwa kumbukumbu yake. Vipande ni vikubwa, vimenyooka kwa makadirio ya jicho, na rangi zilizopauka magotini zimeachwa zionekane. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilioneshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Ukifuata njia hii, tumia sindano namba 16, usitie ujazo mnene, na usichanganye jinzi na fulana zinazovutika. Fulana itakunjamana milele.

Kwa wenye vitambaa vizima kuna njia mbili. Wanawake wa Bengali hupanga sari kuukuu moja juu ya nyingine, bila ujazo, wakazishona kwa mishono midogo; hiyo huitwa kantha, na zamani nyuzi za rangi zilichomolewa kwenye mapindo ya sari zenyewe. Wahawaii nao hukunja kitambaa cha rangi moja mara tatu, kikawa tabaka nane, wakakata ua au jani la mshelisheli kwa mkupuo mmoja. Wakikikunjua hukibandika juu ya kitambaa cheupe, kisha mishono inalizunguka umbo kwa mistari inayotanuka hadi ukingoni. Ni kazi ya mwenye subira. Vipande vidogo vya pembe sita vinavyokunjiwa juu ya karatasi, kwa mtindo wa Kiingereza, vinahitaji subira zaidi, ila vinabebeka kwenye mkoba na kushonwa garini.

Khanga zinataka busara. Mji, pindo na jina ni sehemu tatu zenye sura tofauti, basi zikate kila moja peke yake. Jina likikatwa hovyo, maneno yaliyobaki yanaweza kusema jambo ambalo hukukusudia kumwambia mgeni atakayelala chumbani kwako.

Kabla ya kukata chochote, fua. Kitenge kipya kina wanga na hupungua kikipata maji, na nyekundu au nili ya bei ndogo huchuja. Lowesha kona, ibane kwa kitambaa cheupe, utazame. Ikitoa rangi, rudia kufua mpaka ikome. Ikikataa, iondoe kabisa. Chumvi na siki watu huzisifu sana, ila rangi za viwandani hazishikiki kwa vitu hivyo.

Kuhusu ujazo, mtu wa Tanga au Mombasa anatosheka na khanga moja kuukuu katikati. Wa Njombe au Limuru atie blanketi lililochoka. Faiba ya mito iache kwenye mito, kwa kuwa hujikusanya mabonge ikifuliwa.

Wakati wa kupanga tabaka, tandaza mgongo sakafuni bila mkunjo, weka ujazo, weka uso, kisha piga bandi kubwa kubwa kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni utajikuta umesukumia ziada yote katikati. Ukishindwa kushona mistari kwa sababu nguo ni nene, funga mafundo ya uzi imara kila sentimita 10. Mfarishi wa mafundo unadumu vizuri tu. Kawandi ukingo wake unakuwa umekwisha tangu siku ya kwanza. Mingine mingi inahitaji utepe: kata sentimita 6, ukunje katikati, ushone upande wa uso, uugeuzie mgongoni na umalizie kwa mkono. Kwenye kona, kunja utepe kabla hujageuza cherehani.