Miradi Ishirini au Mmoja? Somo la Kuchagua Lililo Zito

Vikao vya ushirikishwaji wa umma huja kila mwaka, na jambo moja halibadiliki: orodha huwa ndefu. Mzee wa kijiji anasimama kuomba barabara ya kwenda sokoni. Mama anayemfuata anataka zahanati iongezwe wodi ya kujifungulia. Wafugaji wanataka josho, vijana uwanja na taa za mtaani. Kufikia saa saba mchana karani ameandika miradi ishirini, kila mmoja una haki yake, na kikao kinafungwa kwa maombi huku watu wakiamini kwamba yote yamekubaliwa.

Hayajakubaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Sehemu kubwa ya zinazobaki huenda kwenye mishahara, dawa na uendeshaji wa huduma. Fungu la maendeleo ndilo linalogombewa na wadi zote.

Chukua mfano wa wadi iliyotengewa shilingi milioni 20, na wakaazi wakakataa kuacha hata mradi mmoja kati ya ile 20. Kila mradi unapata milioni moja. Milioni moja haimalizi wodi ya kujifungulia; huenda ikajenga msingi na kuta hadi usawa wa madirisha. Mwaka unaofuata nyasi zimeota ndani, na mama mjamzito bado anabebwa kwa bodaboda usiku wa manane. Fedha zimetumika zote, vitabu vya hesabu viko sawa, na hakuna aliyehudumiwa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa anashika ishirini.

Joseph Juran, mhandisi aliyezaliwa Romania mwaka 1904 na kukulia Marekani, alikutana na jambo hili viwandani. Alipochunguza bidhaa mbovu aligundua kwamba aina za kasoro zilikuwa nyingi, lakini chache tu kati yake ndizo zilizoleta hasara kubwa. Aliyerekebisha hizo chache aliokoa zaidi ya aliyezifukuzia zote. Juran alilipa wazo hilo jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyeandika kuhusu mali kuwa mikononi mwa wachache, ingawa baadaye alikiri kwamba jina hilo hakulichagua vyema. Watu hulitaja kwa hesabu ya 80 kwa 20. Hesabu hiyo si sheria ya maumbile, na asiichukulie mtu kama kipimo cha duka la dawa.

Kwenye kikao cha wadi wazo hilo hugeuka kuwa maswali. Ni watu wangapi wanaoumia, na mara ngapi kwa mwezi? Kuna nini kitakachoharibika kabisa mradi ukingoja mwaka mmoja? Na swali ambalo mara nyingi husahauliwa: ni mradi gani ukikamilika utafungua mingine? Maji yakifika karibu, msichana aliyekuwa akienda mtoni alfajiri anawahi darasani, zahanati inaweza kuzalisha akina mama kwa usafi, na bustani ya mboga inawezekana hata kiangazi. Taa za mtaani ni nzuri, lakini hazifungui mlango wa kitu kingine kwa kiasi hicho.

Hapa pia ndipo somo hupotoshwa. Wengi wakihesabiwa pekee, kitongoji cha nyumba kumi ng'ambo ya mto hakitapata kivuko kamwe, na mkaazi anayetumia kiti cha magurudumu atasubiri milele. Juran mwenyewe mwanzoni aliyaita mambo yaliyobaki madogo yasiyo na maana, kisha akabadilisha, akayaita mengi yenye manufaa. Kuahirisha si kufuta.

Ofisi za kaunti nazo hazijaepuka ugonjwa huu. Afisa anaweza kujibu jumbe za simu asubuhi nzima, akaonekana mchapakazi, na faili moja inayohitaji sahihi ili mwanakandarasi alipwe ikabaki mezani wiki tatu. Nyumbani ni vivyo hivyo: mtu aliyejiunga na vyama vitano hukimbizana na michango mitano, na karo ikakosekana mwezi wa kwanza.

Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni yana nguvu zaidi yakifika kabla ya tarehe hizo. Kijiji kinaweza kukutana mapema chini ya mti wake, kikabishana kwa utulivu, na kumtuma msemaji mmoja na mradi mmoja, pamoja na idadi ya kaya zitakazofaidika na maelezo ya ardhi itakayotumika. Anayekosa nafasi ya kuzungumza anaweza kuwasilisha maoni yake kwa maandishi.