Dondoo muhimu: Ajabu isiyopoteza imani ya mtazamaji

Mwenye kutaka kuwastaajabisha watazamaji wa sinema bila ya kuwapotezea imani, na aitazame kwa makini filamu ya Jurassic Park, aliyoitoa Steven Spielberg mwaka 1993, ambayo mnyama wake mkubwa, kabla hajadhihiri, hutanguliwa na maji yanayotikisika kikombeni. Na mtikisiko huo, ajabu yake, ulipatikana kwa kupiga uzi wa gitaa uliofungwa garini, wala si kwa kompyuta.

Basi tanguliza dalili, kisha mlete mnyama. Pale waigizaji wanapomkaribia, tumia umbo la kuundwa, kama alivyofanya Stan Winston, muundaji wa maumbo ya wanyama wa filamu hiyo, na kompyuta uiachie mwendo wa mwili mzima. Usiku na mvua ni sitara njema kwa kazi yenye dosari. Lakini nuru ya kiumbe sharti iafikiane na nuru ya mahali, na mguu mzito uache athari yake ardhini, tope liruke na kivuli kianguke.

Kamera nayo isipite pasipopitika, maana jicho, jambo ambalo wengi hughafilika nalo, hulitambua hilo upesi kuliko kasoro ya ngozi. Ukiwa na picha tatu za kishindo, bakisha moja.