Mafuta Katika Damu ya Binti Yangu

Binti yangu alilazwa mara ya kwanza akiwa darasa la kwanza. Kongosho lilikuwa limevimba ghafla kwa sababu ya mafuta kuzidi kwenye damu. Namwandikia mzazi mwenzangu aliyetajiwa ugonjwa huu leo.

1. Maumivu ya kongosho si ya chango. Yanaanza chini ya chembe cha moyo, yanatokeza mgongoni, na mtoto anatapika hata maji. Wangu alijikunja, magoti kifuani, hataki kuguswa. Tumbo la namna hiyo hukimbizwa hospitali, halingojei dawa ya minyoo.

2. Aliyegundua ni mtaalamu wa maabara. Chupa ya damu ilipotulia, maji ya juu ambayo huwa ya manjano yalikuwa meupe kama tui. Akampigia daktari simu hapo hapo. Namwombea heri mpaka leo, maana mafuta yakijaa hivyo huvuruga vipimo vingine: amilesi, inayotumika kutambua kongosho lililovimba, inaweza kuonekana ya kawaida huku mtoto anateseka. Trigliseridi, yaani mafuta hayo ya kwenye damu, zikipita miligramu 1,000 kwa desilita, kongosho liko hatarini. Omba zipimwe.

3. Wembamba si kinga. Binti yangu hana unene wowote. Amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja mafuta ya chakula ndani ya damu. Ni ugonjwa wa nadra, wa mtu 1 hivi katika milioni. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, nao kwa kawaida hawaumwi, na kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Kwa hiyo mdogo wake naye tulimpeleka akapimwe. Wapo watoto wanaofikishwa kwenye mafuta mengi ya damu na kisukari kilichopanda sana, au na dawa ya asparajinasi inayotibu saratani ya damu.

4. Wodini alizuiwa kula, akawekewa dripu na dawa ya maumivu. Kumnyima mtoto chakula kunauma, lakini mafuta mapya yasipoingia, yale ya kwenye damu hushuka.

5. Kazi kubwa iko jikoni. Mtoto mwenye upungufu huu huwekewa kikomo cha mafuta, mara nyingi gramu 15 hadi 20 kwa siku, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama gramu 14. Chapati na maandazi yakaondoka. Kwetu Tanga, wali wa nazi na samaki wa kupaka ndicho chakula cha heshima, na bibi yake aliumia kweli kumpikia mjukuu samaki changu wa kuchoma, ugali na mchicha wa kuchemsha. Jirani mmoja alisikia kuwa yapo mafuta maalumu ya tiba yanayotokana na nazi, akaniletea chupa ya mafuta ya nazi. Si kitu kimoja. Yale ya tiba yamechujwa yakabaki mafuta ambayo hayapitii njia iliyoharibika. Ya dukani yana mengine mengi yanayopita humo humo. Soda na juisi za sukari nazo tumezikata, kwani ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta.

6. Waambie watu mapema. Mwalimu wake ana barua ya daktari. Kwenye begi la shule mna karatasi yenye jina la ugonjwa, majibu ya vipimo vya mwisho na namba zetu za simu, ili akizidiwa tusipokuwepo, daktari wa zamu aanze na trigliseridi.